Kigoda Kimetoka Mikononi mwa Nani?



Tangu Kwaresima iliyopita, vikundi vitatu vya vijana vimetuletea swali moja kwa maneno mbalimbali. Wanunuzi wanapita katika mitaa ya Bunia na katika vituo vya barabara ya Komanda wakiuliza vitu vya kale vya mti: vigoda, vinubi, ngoma, vyombo vya maziwa, bakuli za kuchonga. Wanalipa papo hapo, tena kwa dola. Kijana mmoja alituuliza waziwazi kama ni dhambi kuuza kigoda cha babu. Mwingine hakujali sana habari ya dhambi, alitaka tu kujua kama bei aliyotajiwa ilikuwa ya haki. Maswali haya mawili yanakaa katika nyumba moja, na sisi tumeona heri tuanze na lile la bei, kwa maana anayejibu la kwanza pasipo kulifahamu la pili hukata shauri gizani.

Kuthamini kitu cha kale ni elimu, kama ilivyo elimu ya kupima dhahabu. Wako watu walioisomea maisha yao yote. Na kwa upande wa vyombo vya mti mgumu, elimu hiyo imefika mbali sana katika nchi ambayo huenda hamkuitazamia, yaani China.

Hapa kwetu neno “Kichina” limekwisha kupoteza heshima. Tochi ikizimika kabla ya juma kwisha, twasema “ni ya Kichina”, na habari imekwisha. Hata hivyo, kati ya vyombo vya nyumba vinavyotafutwa kwa bei kubwa mno ulimwenguni vimo viti na meza za maseremala wa China wa miaka mia nne iliyopita, zama za wafalme wa nasaba ya Ming. Mti waliouthamini sana uliitwa huanghuali, ndugu wa mpingo, uliomea katika kisiwa cha Hainan. Mwingine, zitan, ni mzito kiasi cha kuzama majini. Mafundi wale waliunganisha vipande kwa ulimi na tundu: ncha ya ubao huu huchongwa iwe ulimi, nayo huingia katika tundu la ubao ule, ikabana pasipo msumari. Walijua kwamba mti hata ukikatwa haufi kabisa. Hutanuka majira ya mvua, husinyaa majira ya kiangazi. Kwa hiyo ubao wa juu ya meza hawakuupigilia. Waliuchomeka katika mfereji wa fremu ukae huru, upumue. Ndiyo sababu meza zao zimesimama karne nne, na kabati tulilonunua sisi sote mwaka juzi limeshapasuka mlango. Maseremala wetu wa hapa wanaufahamu ukweli huo vizuri, ila wateja hawawapi muda wala malipo ya kuutenda.

Tunafurahi kuwaambia kwamba elimu ya kuvichunguza vyombo hivyo ilikua kwa sehemu katika chuo cha Kanisa. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Fu Jen, mjini Beijing, kilianzishwa mwaka 1925 na watawa Wabenedikto kutoka Marekani, kisha mwaka 1933 kikakabidhiwa kwa mapadri wa Shirika la Neno la Mungu. Humo alifundisha Mjerumani mmoja jina lake Gustav Ecke. Nyumba za wazee wa Beijing zilikuwa na viti na meza za kale ambazo wenyewe walizitumia tu kama vyombo vya kila siku. Ecke akashirikiana na Mchina Yang Yao, mchoraji wa ramani za majengo. Walipima kila mguu na kila kiungo, wakachora kwenye karatasi jinsi ulimi unavyoingia tunduni. Mwaka 1944, mji ule ungali mikononi mwa jeshi la Japani, Ecke akatoa kitabu juu ya vyombo vya nyumba vya Kichina. Zilichapwa nakala 200 tu. Wachunguzi waliokuja baadaye walijenga juu ya msingi huo.

Tafadhali liwekeni moyoni jambo hili: walianza na rula na kalamu. Sisi tuliosomea ualimu tuliambiwa na walimu wetu kwamba mtoto haoni jani mpaka amelichora. Twaona ni kweli kwa kigoda vilevile.

Basi mtu anayejua anatazama nini? Kwanza hukipindua kitu chini juu. Uso wa meza husuguliwa na kila mtu, tena waweza kupakwa rangi na kung'arishwa jana, bali sehemu ya chini husahauliwa, na hapo ndipo kitu husema ukweli. Msumeno wa mashine yenye gurudumu huacha mistari iliyopinda kama upinde, msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka isiyo sawasawa, na tezo huacha vibonde vidogo vidogo mithili ya magamba ya samaki. Kisha hutafuta mahali palipolika. Kiti kilichotumika hulika pale miguu ya watu ilipokanyaga, pale viganja vilipokamata, pale mgongo ulipoegemea. Kulika huko kuna akili, kunafuata mwili wa binadamu. Mdanganyifu husugua pembe zote kwa usawa, naye hujulikana kwa usawa huo. Matundu ya wadudu nayo yana ushahidi wake: mdudu hutembea akipinda ndani ya mti, wala hatoboi moja kwa moja kama keekee. Meza ya duara ya miaka mingi, ukiipima kwa uzi, utaiona si duara kamili tena, kwa kuwa mti husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu wake.

Nakshi nazo zina siri yake. Fundi wa kweli huutoa mti wote unaozunguka ua au joka alilolikusudia, mpaka sura ibaki imeinuka na ardhi yake iwe tambarare, jambo linalogharimu siku nyingi na mti mwingi. Wa haraka huchonga ua pembeni, kisha hulibandika kwa gundi. Na msidhani kwamba wingi wa nakshi ni wingi wa thamani. Katika miaka ya mwisho ya wafalme wa China, karakana za Guangzhou na Shanghai zilitengeneza viti vilivyojaa majoka kila upande ili kuwauzia wageni kutoka Ulaya, na leo wajuzi wengi hukipenda zaidi kiti cha zamani kisicho na pambo, chenye mkunjo mmoja tu uliokaa mahali pake. Hilo latukumbusha mahubiri fulani, lakini tuliache.

Kati ya wajuzi hao alikuwako Wang Shixiang, mzaliwa wa Beijing wa mwaka 1914. Vita vilipokwisha mwaka 1945, alipewa kazi ya kutafuta vitu vya sanaa vilivyoporwa wakati wa vita na kuvirudisha katika mali ya taifa, naye akaifanya kazi hiyo vizuri. Mwaka 1952 serikali mpya ilimshuku kwamba huenda naye alijichukulia. Akafungwa miezi kumi, wakachunguza, wasipate kitu, wakamwachilia, lakini nafasi yake katika makumbusho ya jumba la kifalme ilikwisha kupotea. Tunaomba mfikiri kidogo: mtu aliyerudisha mali ya wengine akaitwa mwizi, na yule aliyeiba hakuulizwa. Katika jimbo letu la Ituri mambo ya namna hiyo hayahitaji kufafanuliwa.

Wang hakukata tamaa. Alizunguka kwa baiskeli katika mji na vijiji vya jirani akitafuta viti na meza ambazo watu walikuwa wakizivunja ili mti wake utengenezewe vyombo vya muziki na vyombo vya kuhesabia. Alinunua kwa mshahara mdogo, akapanga chumbani mpaka yeye na mkewe wakakosa nafasi ya kupita. Mwaka 1985 alitoa kitabu chake kikubwa, na mwaka 1993 vipande 79 alivyokuwa amevikusanya vikaingia katika Makumbusho ya Shanghai, ambako kila mtu aweza kuvitazama. Alifariki mwaka 2009.

Hapa twapaswa kusema neno juu ya misitu yetu, kwa kuwa njia ya China na njia ya Kongo zimekutana katika mti. Miti ya kale ya huanghuali imekwisha kukatwa karibu yote, na watu wenye mali mpya wanataka viti vya namna ile ile. Mwaka 2000 serikali ya China ilitoa kanuni ya kitaifa ya kutaja ni miti ipi inaruhusiwa kuitwa “mti mwekundu” wa samani za heshima. Aina 33 zilitajwa. Kati yake umo mpingo wa Afrika Mashariki, na umo wenge wetu, ule ule uliolipa jina lake kundi la muziki la Kinshasa ambalo wazazi wenu walilicheza harusini. Kule Katanga mti uitwao mukula ulikatwa na kusafirishwa kwa malori hata ukaingizwa mwaka 2019 katika orodha ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Kwa hiyo anayeonyeshwa leo kiti “cha kale cha Kichina” yawezekana anaonyeshwa mti wa Afrika uliokatwa juzi. Vijana wanaofanya kazi ya msumeno huko Mambasa, wanaopakia mvule na libuyu kwenda Kampala, wanajua mti unaondoka kwa bei gani. Bei ambayo kiti kinauzwa mwisho wa safari, hiyo hawaambiwi.

Mpaka hapa tumetaja maswali mawili ya mthamini: ni mti gani, na ni mikono ya namna gani iliyoufanya. Wafanyabiashara wengi huishia hapo. Liko swali la tatu, nalo ndilo lililotusukuma kuandika: kitu hiki kilitokaje katika mikono ya mwenyewe?

Nchi yetu ya kaskazini-mashariki inalo somo la kale juu ya swali hilo. Mwaka 1870 msafiri Georg Schweinfurth alifika katika makao ya mfalme Mbunza wa Wamangbetu, akastaajabia ukumbi wake mkubwa na kazi za mafundi wake. Mwaka 1909 wakaja Herbert Lang na kijana James Chapin, waliotumwa na makumbusho ya viumbe ya New York. Walikuja hasa kwa ajili ya wanyama, okapi wa msitu wetu na kifaru mweupe. Walikaa mpaka 1915, wakipita Avakubi kwenye mto Ituri, Medje, Niangara na Faradje. Pamoja na wanyama walikusanya vitu vya watu karibu 4,000: vigoda, vinubi, visu, masanduku, pembe zilizochongwa. Mizigo yote ilifikia tani 54, nayo ilibebwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa kwenye kadi za makumbusho. Lang alipiga picha karibu elfu kumi, na kwa hilo twamshukuru, kwa maana bila picha zake tusingejua mengi juu ya nyuso na nyumba za wahenga wetu.

Wachunguzi wawili, Enid Schildkrout na Curtis Keim, walivitazama upya vitu hivyo katika onyesho kubwa lililofanyika New York mwaka 1990. Waliona jambo la ajabu. Vinubi na masanduku yenye kichwa cha binadamu, kichwa kile kirefu chenye nywele zilizosukwa kama taji ambacho leo kila muuzaji hukiita “Mangbetu halisi”, vilizidi sana kuchongwa wakati wageni walipoanza kuvitaka. Mafundi walikuwa na ujuzi huo tangu awali, hatusemi waliuiga. Lakini waliona wageni wanapenda nini, wakawapa, na machifu nao wakavitoa kama zawadi za urafiki na za kutafuta amani na wakubwa wapya. Wageni walipoacha kuvitaka, vikapungua. Kumbe hata kile tunachokiita cha asili kabisa kina alama ya mnunuzi ndani yake. Kigoda cha kawaida kisicho na kichwa cha mtu, kile ambacho mama alikikalia akimenya mihogo, hakikumvutia mgeni sana. Kwa macho yetu, ndicho chenye habari nyingi zaidi.

Na je, vilitokaje? Vingine vilinunuliwa kwa haki, vingine vilitolewa kwa moyo, vingine vilitolewa kwa sababu mbele ya bunduki ya serikali ya wakati ule hakuna aliyethubutu kusema hapana. Kwenye rafu ya kioo vyote vyafanana. Nchi yetu ilipodai vitu vyake, Ubelgiji ilileta Kinshasa vitu 114 kati ya mwaka 1976 na 1982. Na mwezi Juni 2022 mfalme wa Ubelgiji alikuja na kinyago kikubwa cha Wasuku, akakiacha katika makumbusho ya taifa kama mkopo wa muda usio na mwisho. Mkopo! Mwenye mali amekopeshwa mali. Tunaliacha neno hilo mlitafakari katika kikundi.

Maandiko Matakatifu yanayo habari ya mthamini mmoja mashuhuri, mfalme Ahabu, katika sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Ahabu aliliona shamba la mizabibu la Naboti, akatoa bei. Wala haikuwa bei mbaya: alikuwa tayari kutoa shamba bora zaidi, au fedha taslimu. Kwa hesabu ya soko Naboti alikuwa mjinga. Lakini Naboti alijibu kwamba ule ni urithi wa baba zake, naye hawezi kuutoa. Yaliyofuata mwayajua: mashahidi wawili wa uongo, mawe, na mfalme akashuka kulitwaa shamba. Nabii Elia alimkuta palepale ndani ya shamba. Ahabu alijua ardhi ile ni nzuri, alijua yafaa kwa mboga, alijua bei yake. Swali moja tu hakutaka kuulizwa, nalo ndilo Elia alilomwuliza.

Sasa tuseme ya Bunia. Tangu vita vya 1999 hadi 2003, na tena tangu mwisho wa mwaka 2017, watu wa Djugu, Irumu, Mahagi na Mambasa wamekimbia nyumba zao, wengine mara tatu, wengine mara tano. Mtu anapokimbia usiku hubeba mtoto, sufuria na godoro kama anaweza. Kigoda hubaki. Kinubi cha baba hubaki ukutani. Chombo cha maziwa kilichorithiwa vizazi vinne hubaki jikoni. Baada ya juma moja milango imeng'olewa, mabati yamechukuliwa, na vitu vile vya kuchonga vimeanza safari yake kuelekea soko. Vijana wapendwa, tukisikia kwamba vigoda vya kale vimekuwa vingi sokoni, tusifurahi upesi. Wazee hawakuamua wote siku moja kuuza. Wingi huo una sababu, na sababu hiyo inalala leo chini ya turubai katika kambi za wakimbizi hapa hapa mjini.

Kijana mmoja wa parokia, mwenye jicho zuri sana la kutambua vitu, alikuwa akinunua kutoka kwa watu waliotoka vijijini na kuwauzia wanunuzi hao. Alijua kutofautisha ung'avu wa mafuta na jasho la miaka mingi na ule wa rangi ya viatu. Tulipomwuliza vitu vimetoka wapi, alisema, “Mwalimu, mimi sijaiba, mimi nimenunua.” Tunamheshimu kwa kusema wazi. Lakini fundisho la Kanisa katika amri ya saba halituachi hapo. Katekisimu, katika namba 2412, inafundisha kwamba wajibu wa kurudisha haumwangukii mwizi peke yake: kila aliyefaidika na wizi akijua anao wajibu huo kwa kadiri ya faida yake. Na “kujua” si mpaka uonyeshwe karatasi. Mtu anayeweza kusoma umri wa mti kwa kidole chake aweza pia kusoma uso wa mtu anayeuza kigoda alfajiri, akitaka fedha upesi, asijue hata kilichongwa na nani. Zakayo hakungoja mahakama.

Turudi basi kwa yule aliyeuliza juu ya kigoda cha babu yake. Kuuza kilicho chako si dhambi. Tunamjua mama aliyeuza kiti cha mumewe marehemu ili mtoto afanyiwe upasuaji, na atakayemhukumu na ajitokeze kwanza kulipa deni la hospitali. Lakini kigoda cha babu mara nyingi si chako peke yako. Wapo baba wadogo, wapo shangazi, wapo ndugu walioko Kisangani au Kampala ambao nao walipakatwa juu yake. Waulizeni. Kitu cha pembe ya ndovu msikiguse kwa biashara hata kidogo, sheria za nchi na za kimataifa zimekataza. Na jueni kwamba tangu tarehe 15 Machi 1971 nchi yetu ina sheria ya kulinda mali ya utamaduni, kwa hiyo mnunuzi anayewaambia kwamba mambo haya hayana sheria anawadanganya, au amedanganywa.

Wako wakristu, hata wazee wa jumuiya, wanaosema vitu vyote vya kale ni vya mashetani na dawa yake ni moto. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Vitu vya kuabudiwa, au vya kuwadhuru watu, mwulizeni padri. Kigoda ni kigoda. Roho wa Mungu alimjaza Bezaleli hekima ya kuchonga mti, Kitabu cha Kutoka chasema hivyo, na Bwana wetu mwenyewe alilelewa katika nyumba ya seremala. Kule China, Celso Costantini, mjumbe wa kwanza wa Baba Mtakatifu katika nchi hiyo tangu mwaka 1922, naye akiwa mchongaji kwa ufundi wake, alisisitiza kwamba Kanisa lijenge na kuchora kwa namna ya Wachina wenyewe. Moto ungekuwa njia fupi zaidi. Hakuichagua.

Tangu Pasaka, vijana kumi na wawili hukutana nasi Jumamosi baada ya mafundisho, wakiwa na daftari moja kubwa la mistari, rula, uzi na penseli. Hawanunui kitu wala hawaombi kitu. Wanakwenda katika nyumba wanamokaribishwa, wanakipindua kigoda chini juu, wanapima, wanachora, wanapiga picha kwa simu, kisha wanauliza: mti huu katika lugha yenu waitwaje, nani alichonga, nani alikikalia, kilipitaje mpaka hapa. Mwanzoni walichora kwa haraka, sasa ubishi kati yao ni juu ya unene wa mguu kwa nusu sentimita. Yule kijana mwenye jicho zuri ndiye anayewafundisha wenzake kutambua alama za tezo. Kigoda kimoja alichokuwa hajakiuza alikipeleka katika kambi akitafuta mwenyewe. Bado hajampata, anaendelea kuuliza.

Katika kambi hiyo walimkuta mama mzee asiye na kigoda cha kupima. Chake kilibaki Djugu. Akawaomba wakichore hata hivyo, naye akakaa chini karibu na mchoraji na kumwelekeza: miguu minne, la, si myembamba hivyo, hapa pameingia ndani kidogo kwa sababu mama yangu alipenda kuegemea upande, ufa huu ulianza mwaka nilipoolewa. Wakafuta, wakachora tena, mara tatu. Jina la mti alilitaja, la mchongaji alilitaja pamoja na la baba yake. Ukurasa wake ni wa kumi na tisa. Pale chini, palipoandikwa “Kipo wapi sasa”, alituomba tupaache wazi.